Nilimusifu Infirmière Mpaka Wakamunyanganya Karatasi

Minye njo mwenye kosa, musitafute mwingine. Kinywa changu njo kilimuharibia Mama Neema kazi, na siku ile nilikuwa naona ninamusaidia.

Jina yangu sisemi. Niko koko wa wajukuu kumi na moja, nakaa Kalundu, ku bandari ya ziwa. Masomo niliachia mwaka wa pili, lakini nikianza kusimulia, hata wenye diplome wananyamaza kwanza.

Vita ilikuta kaposte ketu ka afya kana dokteri mumoja. Bombe ya kwanza kuanguka, dokteri akavuka Burundi, naona hata viatu alisahau. Akabakia Mama Neema, infirmière, ni kusema muuguzi, na maji ya chumvi na bendeji.

Mimi kachuma ka bombe kaliniingia mu paja. Mama Neema akasafisha kidonda, akafunga, akanipakiza mu boti. Kale kachuma walikatolea kule Bujumbura. Njo hiyo tu, Mungu anajua.

Vita ikatulia, dokteri akarudi, amenona. Akakuta watu wanamuita Mama Neema dokteri. Ikamuuma. Akamushitaki kwa wakubwa wa mainfirmière: ati huyu mama alipasua watu, na kupasua ni kazi ya dokteri peke yake, wamunyanganye karatasi ya kazi.

Wakaja watu watatu na madosie, mafaili ya kesi. Mama Neema akanichagua niwe mushahidi wake. Mbele tuingie, akanishika mukono.

"Koko, sema tu vile ilikuwa. Nilisafisha, nilifunga. Usiongeze kitu."

Nikamujibu asiogope.

Lakini wapendwa, salle, kile chumba cha kesi, ilijaa! Watu mpaka ku madirisha. Mutu anaweza kusimama mbele ya watu wote wale, aseme alisafisha alifunga, akae? Na kwetu, kumusifu mutu kidogo ni sawa na kumutukana.

Nikaanza. Nikasema bombe zilikuwa zinanyesha, Mama Neema hatetemeke. Akakamata kisu, akapasua paja mpaka ku mufupa, akatoa chuma murefu kama mupini wa jembe, akashona kupita fundi wa soko! Watu wakapiga makofi. Nikasikia utamu, nikamugeukia dokteri.

"Huyu mama anakupita. Weye ulikimbia."

Mukubwa wa wale watatu alikuwa anaandika, anatabasamu. Akaniomba nirudilie pale pa kisu. Nikarudilia, nikaongeza na damu.

Mama Neema aliinamisha kichwa. Karatasi wakaichukua siku ile ile.

Kesho yake nikaenda kusema nilidanganya. Wakaniambia Mama Neema njo amenituma, na mushahidi habadilishe maneno. Nikarudi naburuta muguu.

Sasa Mama Neema akakuwa muuza ndagala, tusamaki tule tudogo twa ziwa, hapa ku bandari. Vita ikarudi. Dokteri na wale watatu wakapanda boti ya kwanza, na karatasi yake wakaenda nayo mu dosie. Siku ile ile wakamuleta jirani yetu pale pa ndagala, mukono unatoka damu.

Mama Neema akaosha mikono, kisha akaniangalia mimi, haangalie mugonjwa.

"Koko, nimuguse ao nimuache? Kesho utasimulia nini?"

Nikamujibu sitakuwa nimeona kitu. Nikageukia ziwa, nikanyamaza, minye huyu, mpaka akamaliza kufunga.

Wenzangu, mukiitwa kumushuhudia mutu, semeni ile mumeona, mukae. Makofi ni ya kwenu. Karatasi ni ya mwenzenu.