Ndimu Haikati Mafuta

Baba yangu ni fundi magari pale Gerezani, na kwa imani yake hakuna mafuta yasiyokatwa na ndimu. Tangu mama afariki, kila asubuhi alikunywa supu ya mbuzi na mafundi wenzake, kwenye benchi la mama mmoja muuza supu nyuma ya gereji. Supu ikija na mafuta yanaelea, anakamua ndimu, basi, roho yake inatulia.

Mwaka jana ubavu wa kulia ukaanza kumkamata kila akishakunywa supu. Akaongeza ndimu. Maumivu yakazidi, naye akazidi kukamua. Nilimsihi aende hospitali mpaka nikachoka, maana sikio la kufa halisikii dawa. Alikubali siku aliyojikunja sakafuni.

Daktari alikuwa binti mdogo. Akamwamkia shikamoo, kisha akamweleza taratibu. Ndimu hukata ukinaifu mdomoni tu. Mafuta yenyewe yanabaki vilevile. Yakifika kwenye utumbo mwembamba, nyongo inayotoka kwenye ini ndiyo inayoyavunja yawe matone madogo, ndipo majimaji ya kongosho yapate kuyasaga. Nyongo hiyo hutunzwa kwenye mfuko wake, ambao hujiminya mafuta yanapofika. Wa baba ulikuwa umejaa mawe. Wakautoa.

"Kwa hiyo nyongo sina tena?" baba akauliza.

"Unayo, mzee wangu, ini linaendelea kuitengeneza. Ila sasa inadondoka kidogo kidogo, kwa hiyo na mafuta uyapunguze."

Njiani nikamwambia baba kuanzia sasa asubuhi nitampikia uji nyumbani. Tulipofika Msimbazi akasema, "Sasa huo uji wa nyumbani nitakunywa na nani?" Iliniuma sana. Mimi nilikuwa nawaza supu, kumbe yeye analilia benchi.

Alipopona nikasikia amerudi kulekule. Nikaenda nimejiandaa kufoka. Nikamkuta katikati ya wenzake, supu yake nyepesi, haina hata tone la mafuta juu. Nikatazama mabakuli mengine. Yote yalikuwa hivyohivyo, na wenyewe wanakunywa wamekunja nyuso.

"Katuponza mzee, tunakunywa supu ya mgonjwa sote," fundi mmoja akaniambia.

"Kwani nyinyi hamwezi kupikiwa ya kwenu?"

"Tulipikiwa, dada. Harufu ikamtia tamaa, akahama, akaenda kukaa kule peke yake. Tukaona heri yahame mafuta."