Mwanamke Anayepanga Nyumba kwa Kamba

Jua la asubuhi limeanza kupasha mabati ya ofisi ya mradi. Mpanga ratiba, ambaye mafundi wote humwita Mama Kamba, anakaza msumari ubaoni, kisha anarudi nyuma kutazama.

Ubao umejaa kamba za rangi zilizopanda kwa mshazari: siku zinakwenda upande, nyumba zinapanda juu. Kila kamba ni kikosi. Kikosi chenye kasi, kamba yake husimama zaidi. Kamba mbili zikigusana, vikosi vitakutana nyumba moja, na kimoja kitakaa bure.

Nje zimejipanga nyumba thelathini, zote pacha. Leo mafundi wa paa wako kwenye ya mwisho. Wapiga plasta, walio wepesi kuliko wao, wako nyumba moja tu nyuma.

Mkuu wa plasta ni shemeji yake Mama Kamba. Alitaka kuanza mapema. Mama Kamba akamzuia kwa wiki tatu, ili asiwafikie watu wa paa kabla ya nyumba ya mwisho.

"Shemeji, unanikalisha kama mgonjwa kliniki," alilalamika siku hiyo. "Vijana wangu wakikimbia, utapiga plasta mwenyewe?"

"Nitapiga. Mwiko ndio ulionisomesha."

Ni kweli. Alipiga plasta miaka tisa huku akisoma chuo jioni. Katika mradi mmoja wa zamani, ratiba ilichorwa kwa mistari iliyolala. Ilionyesha mwanzo na mwisho wa kazi, lakini si mwendo wa watu. Kikosi chake kiliwafikia watu wa paa, kikakosa kazi, kikasambaratika.

"Jengo likiwa moja, mistari ile inatosha," anasema. "Nyumba zikijirudia, lazima uone mwendo."

Mhandisi wa mradi alikubali kamba, ila alimwonya Mama Kamba: plasta ikichelewa, lawama ni yake.

Saa nne, msumari wa mwisho wa paa unagongwa. Mafundi wa paa wanateremsha ngazi. Wakati huohuo, wapiga plasta wanavuka uwanja na ndoo zao. Hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Shemeji anasimama mlangoni mwa nyumba ya mwisho, mdomo wazi. "Wewe! Hawa umewapigia filimbi?"

Mafundi wanacheka. Mama Kamba hacheki. Ameweka kiganja ukutani mwa nyumba hiyo, machozi yanamlengalenga.

Mradi unaofuata ni ghorofa, na sakafu hujirudia kama nyumba. Tayari amenunua kamba ndefu zaidi.

"Nataka fundi afike akute kazi inamsubiri," anasema. "Yeye ameshasubiri vya kutosha."