Mwanga Ulioingia kwa Bibi

Mjukuu wangu wa kike anasomea mambo ya filamu chuoni, hapa hapa Dodoma. Jumamosi moja hivi karibuni alikuja kwangu Nzuguni asubuhi, akaniamkia, akakalia ndoo iliyogeuzwa, kisha akaniomba nimruhusu atoe bati moja la jikoni. Alitaka jua liingie kwa juu, limwangukie mama yake akichambua mboga, naye apige picha zake za mtihani. Bati angelirudisha siku hiyohiyo.

Nilimkatalia kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo. Mama yake alitoka jikoni na kisu mkononi kutazama kuna nini.

"Babu, ni bati tu," mtoto akasema.

Nikamwambia hata kwenye paa la kwanza lilikuwa tundu tu. Hakunielewa, na sikuwa nimewahi kumweleza. Aliondoka akiwa amenuna, lakini jioni akanipigia simu na kunibembeleza niende chuoni kwao siku watakapoonyeshwa filamu ambayo wote wanajifunza kutoka kwayo. Alisema nikishaiona nitaelewa kwa nini anataka mwanga wa namna ile, na tena ilipigwa kwetu, Ugogoni. Nikaenda. Ila kabla sijakusimulia nilichokiona, rafiki yangu, acha nikurudishe nilikokulia, upande wa Msalato, wakati ambapo mtu akikwambia kiwanja ulidhani anasema mahali pa kuchezea mpira.

Wewe uliyekulia chini ya bati huenda hulijui giza la tembe. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ndefu na fupi kwa kimo, kuta za udongo, paa bapa la miti na fito lililofunikwa udongo ulioshindiliwa. Mtu mzima akisimama nje aliweza kuanika majani ya mlenda juu yake bila kutafuta ngazi, na mbuzi wakorofi walipanda kula kilichoanikwa. Ukiingia ndani kutoka kwenye jua letu kali ulikuwa kipofu kwa muda. Ulimjua bibi kwa sauti ya jiwe lake la kusagia, ile sauti ya kukwaruza na kupumzika, na kwa harufu ya moshi, maziwa na ndama waliolala chumba cha pili. Juu ya moto yalining'inia masuke ya uwele, yamekauka na kuwa meusi kwa moshi ili wadudu wasiyaguse. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu. Bibi alikuja nayo alipoolewa, kutoka kwa mama yake, na alituambia tuna ruhusa ya kuiba chochote nyumbani isipokuwa kile kilichoning'inia pale.

Bwana mmoja wa sinema alikuja kiangazi. Alikuwa kijana wa pwani aliyesomea kazi hiyo ng'ambo, mwembamba, mpole, na alibeba kamera yake kama mama abebavyo mtoto mwenye homa. Tulitarajia atupange mstari, atuambie tucheze ngoma. Hakufanya hivyo. Alikaa siku nzima akilenga kamera kwenye vumbi linalovuka njia. Alikwenda korongoni ambako wachungaji walichimba visima mchangani, akakaa kimya akiwapiga picha wakipandishiana maji kwa vibuyu huku wakiwaimbia ng'ombe, na ng'ombe wakisubiri zamu kama watu walioelewana. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye mifugo mingi na maneno mengi zaidi, alimsimamia siku moja kwa muda mrefu, kisha akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mgeni. Umeshampata?"

"Nani, mzee?"

"Huyo upepo. Naona unamfukuza tangu asubuhi."

Yule bwana alicheka kuliko sisi sote. Watu wakampenda. Alikula kwetu ugali wa uwele na mlenda, akajifunza kuukata mlenda usimchafue kidevu, akawa anamwita bibi "bibi" bila kuombwa. Mimi alinionyesha jambo ambalo sijalisahau. Aliniruhusu niweke jicho kwenye kamera. Nilimwona bibi yangu uani, mdogo ndani ya kile kioo, akipepeta. Nilikuwa nimeishi naye tangu nizaliwe, na ndiyo siku niliyotambua kwamba ana shingo ndefu na kwamba mikono yake ni mizuri. Nilirudisha jicho mara nyingi. Tangu hapo nilimfuata yule bwana kila alikokwenda, na kama angeniambia nivuke Bonde la Ufa kwa miguu ningevuka.

Alichokitaka hasa kilikuwa ndani. Alitaka kumpiga picha bibi akisaga, lakini ndani hapakuwa na mwanga, na kamera yake haikuona gizani. Akaomba paa lifunguliwe kidogo, juu ya pale bibi alipokuwa akipigia magoti. Mjomba wangu, aliyekuwa mwanaume mkubwa wa nyumba, hakukubali hata kusikiliza.

"Mama, unataka kuivua nyumba kofia ili mgeni aone kichwa?"

Mimi ndiye niliyemng'ang'ania bibi, siku baada ya siku, mpaka akachoka nami. Hilo ni langu na sina wa kumtwika. Lakini neno la mwisho lilikuwa lake, na alilitoa mbele ya wote. Alisema huyu mgeni ni mjukuu wake, ameshalamba chungu chake, na mjukuu haandikishwi mkataba. Yule bwana akamshika bibi miguu. Akasema kwa Kiswahili chake kizuri, polepole, ili bibi asipitwe na neno:

"Bibi, nitakalofungua nitalifunga kwa mikono yangu. Wingu la kwanza halitalikuta wazi."

Mjomba, kwa shingo upande, akapanda na kuondoa udongo na fito. Na nisiseme uongo kwa sababu ya uchungu: ule mwanga ulikuwa mzuri. Uliingia mnene kama nguzo. Unga ulipopanda kutoka kwenye jiwe uliingia ndani ya ile nguzo na kuzunguka taratibu, na bibi akawa amepiga magoti katikati yake kama mtu aliyewekwa hapo na dunia nzima. Hata mjomba alibaki juu ya paa akichungulia. Yule mzee wa maneno mengi, aliyekuja kutucheka, alivua kofia yake na hakujua kwa nini ameivua.

Baada ya siku chache yule bwana alituaga. Alisema mikanda ya kamera imemwishia, anakwenda kuchukua mingine, atarudi juma lijalo kumalizia na kufunga paa. Aliacha hata blanketi lake.

Hapa inabidi nikueleze desturi yetu, maana vinginevyo utatuona wajinga. Kwa wazee wetu, mtu akisafiri na kuacha kazi aliyoiahidi, haimaliziwi mpaka habari zake zifike. Jembe lake huachwa pale pale shambani lilipolala. Ukimmalizia kazi kabla ya habari, umemhesabu miongoni mwa wafu, na huko aliko unaweza kuwa umemkatia njia. Kwa mgeni wa kawaida isingekuwa neno. Lakini bibi alishamfanya mjukuu.

Juma likapita, na mengine yakafuata. Joto likapanda, miti ikaanza kuchipua kabla ya mvua kama kawaida yake, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki kila alasiri na kutawanyika. Siku moja mjomba alichanganya udongo bila kusema, akapanda juu na fito begani. Bibi alitoka na mchi mkononi.

"Shuka."

"Mama, mvua hiyo inakuja."

"Ukiliziba leo umemzika mtoto wa watu. Shuka, nasema."

Akashuka. Jirani mwenye ng'ombe akaletwa amshawishi bibi, wanawake wenzake wakaja, wote wakajibiwa vilevile: amesema atalifunga mwenyewe. Nami nilikuwa nikikaa njiani na macho yangu kwenye vumbi la mbali, nikiapa kwa wenzangu kwamba lile ni gari lake, na wenzangu wakinizomea lilipokuwa kundi la mbuzi.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, nzito, yote kwa pamoja, kama ijavyo kwetu. Iliingia kwenye lile tundu kama iliyoonyeshwa njia. Tulikinga kwa ngozi, kwa nyungo, kwa lile blanketi lake. Maji yalizima moto, yakachimba sakafu, yakaloanisha masuke yote ya mbegu. Siku zilizofuata hazikuleta jua la kuyakausha, na kabla hatujajua la kufanya yakaota. Yaliota yakiwa yananing'inia hewani juu ya majivu, kijani kibichi, mazuri kutazama. Bibi aliyashusha yeye mwenyewe na kuwapa ndama. Halafu ukuta uliokuwa umenyonya maji ukalala chini, ndama wakahamishwa, bibi akahamia kwa mjomba. Mwaka ule tulipanda mbegu ya kuomba kwa watu.

Hakumlaani. Aliishi miaka michache mingine, na kila alipotajwa yule bwana alisema, "Labda gari limemharibikia." Alisema hivyo akiwa mzima, akasema hivyo akiwa mgonjwa. Mimi nami niliibeba hiyo labda. Nikiwa sekondari niliwasimulia wenzangu kwa majivuno kwamba nyumbani kwetu ilipigwa sinema na bwana mmoja mkubwa, ambaye bahati mbaya alifia safarini. Nilimuua ili nisimlaumu. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini lile la kumtetea mtu kwa uongo wangu mwenyewe ndilo linaloniuma kwa namna ya ajabu, kwa sababu lilikuwa tamu.

Basi nikaketi kwenye ukumbi wa chuo, mjukuu wangu pembeni, vijana wamejaa. Mwalimu wao, mama mmoja mwenye sauti ya kutuliza, alituonyesha kwanza vipande vya filamu za nchi mbalimbali. Kimoja kilikuwa cha mwanamke anayekanda mkate, kingine cha mvulana ndani ya zizi la farasi, kingine cha mzee anayenyolewa. Na katika kila kimoja mwanga ulishuka kutoka juu kama nguzo, na vumbi likazunguka ndani yake. Akasema wote hao walijifunza mahali pamoja: katika filamu moja ya kimya, isiyo na hadithi, iliyopigwa karibu na hapa tulipokaa. Akasema marehemu aliyeitengeneza aliishi ng'ambo hadi uzee wake na aliheshimiwa sana, na kabla ya kuiona tumsikilize kwa sauti yake iliyorekodiwa.

Niliijua ile sauti kabla haijamaliza neno la kwanza. Ilikuwa imezeeka, ila Kiswahili chake kilikuwa kilekile, polepole.

"Tulipofika tuliikuta nyumba imeshabomoka," alisema. "Paa limeanguka, na bikizee amekaa humohumo anasaga. Hatukugusa kitu. Mwanga ulikuwa unatusubiri."

Vijana waliguna kwa raha, kama mtu anaposikia mstari mzuri wa shairi. Mjukuu wangu aliandika. Miaka yote ile mimi sikuwahi kumdai yule bwana zaidi ya sababu, na gari bovu lingetosha, hata ugonjwa, hata kusahau. Kumbe alikumbuka kila kitu. Alijua nyumba ilikuwaje, na alichagua kuibomoa kwa mdomo kabla ya kuingia, ili asiwe na cha kufunga.

Kisha picha zikaanza: vumbi, visima, ng'ombe. Halafu bibi. Alikuwa mkubwa kuliko ukuta wa nyumba yake. Alisaga, akasimama kidogo, akainua uso kwenye mwanga na midomo yake ikacheza. Mwalimu alisema hapo wataalamu wengi huona sala. Lakini mimi nilikuwepo. Mjomba alikuwa bado amechuchumaa juu ya paa, nje ya picha, na bibi alikuwa akimwambia aondoe mguu wake, udongo unamwagikia unga.

Nilimwambia mjukuu wangu tulipotoka nje, tukiwa tumesimama kwenye upepo, nikamwambia yote kama nilivyokwambia wewe. Aliuliza kwa nini sikusimama niwaeleze. Nikamjibu kwamba ningesimama ningelia, na wangedhani nalia kwa uzuri wa filamu. Alifunga daftari lake. Mtihani aliufanya kwa mwanga wa mlangoni, na aliniambia alama zake hazikuwa nzuri sana.

Nilipokulia hapajulikani tena. Tulihamishiwa kwanza kwenye kijiji kipya, matembe yakaachwa yakarudi kuwa udongo, na sasa ardhi yenyewe imepimwa, ina mawe ya mipaka na nyumba za mabati ya rangi. Ule uwele wa bibi sijauona kwa mtu yeyote. Mjomba amekufa, na yule mzee wa upepo amekufa. Wala hatukuwahi kuwa na picha ya bibi, hata moja ndogo ya kitambulisho. Ndiyo maana nilimwomba mjukuu anikatie kile kipande, na amekiweka kwenye simu yangu.

Ninakitazama karibu kila siku. Hasira hunipanda kila nisikiapo moyoni ile sauti, nami hukibonyeza tena, kwa sababu mtu aliyetudanganya ndiye pekee aliyemhifadhi. Vitukuu wakinikuta hunisukuma ili nao waone, na juzi mdogo wao aliuliza yule bibi anasema nini. Nikamwambia kwa Kigogo, kwa maneno yaleyale, kwa ukali uleule. Hakuna hata mmoja aliyeelewa, ikabidi nianze upya kwa Kiswahili: anamwambia mtoto wake aondoe mguu.