Mama Hodi

Sisi wa kituo cha matetemeko tunamwita Mama Hodi, maana hapiti penye kitu bila kukigonga: tikiti, ukuta, hata kipara cha mumewe, ajue ndani kukoje. Jana ardhi ilitetemeka upande wa pili wa dunia. Wimbi la kwanza likafika, mashine ikachora milima. Tukangoja la pili, lile la kutikisa. Wapi! Mstari ukanyooka tu. Nikanyoosha mkono niikague mashine.

“Wee, koma!” Mama Hodi akaudaka. “Ni nzima! Wimbi lile halipiti kwenye majimaji. Limekwama katikati ya dunia. Huko kumeyeyuka, mwenzangu, kumeyeyuka!” Akapiga magoti, akagonga sakafu taratibu. “Siku zote nabisha hodi,” akasema, machozi yakimchuruzika, “leo mwenye nyumba kaitika!”