Usukani Mpana wa Baiskeli ya Mke Wangu

Damu ilikuwa nukta moja tu, ndogo kuliko punje ya ulezi, lakini gauni lilikuwa jeupe na lilikuwa la kipaimara. Mke wangu alijichoma sindano akaendelea kushona bila kujua. Mwenye gauni ndiye aliyeiona. Alilinyanyua juu mbele ya wateja wengine akauliza kama mtoto wake anakwenda kanisani au machinjioni.

Mke wangu ni fundi cherehani. Kila asubuhi alitoka kwetu Mogitu kwa baiskeli hadi Katesh, kwenye kibaraza anachokodi, na alipofika alikaa kwanza akikung'uta mikono kama mtu aliyetoka kuosha vyombo. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vinakufa ganzi. Hivyo ndivyo vidole vinavyoshika sindano.

Baiskeli aliinunua mwenyewe kwa kazi yake. Ilikuwa ya mtumba, ya gia, yenye matairi ya meno, na usukani ulionyooka kama mpini wa jembe. Ulikuwa mpana kiasi kwamba mlangoni ilibidi ugeuzwe upande ndipo baiskeli ipite.

Jioni ile ya gauni alikuja kaka yangu mkubwa. Mke wangu alimpa shikamoo, naye akaitika marahaba huku macho yakiwa kwenye baiskeli.

"Shemeji, hiki chombo si cha mikono ya kike," alisema. "Ona sasa, umeharibu nguo ya watu. Niachie mimi. Nina mtu Katesh anaitaka."

"Huyo mtu ana mikono ya namna gani, shemeji?"

"Ya kiume."

"Basi mpelekee na hilo gauni amalizie."

Kaka alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilimuuliza huyo mtu wake amempata lini, akajibu bila hata kuona aibu kwamba walishaongea tangu wiki iliyopita. Yaani kabla ya damu. Alikuwa ameshaiuza baiskeli ya mke wangu kichwani mwake, akabaki anasubiri sababu.

Mimi nina mashine ya kusaga. Sikusomea ufundi, nilichonacho nimekipata kwa kufungua vitu na kuvifunga, na kwa kusoma. Beringi ikipata moto siilaumu kuwa ni ya kike. Natazama imekaaje. Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, niliegemeza baiskeli ukutani, nikamwomba mke wangu apande, afumbe macho na kuacha mikono iangukie pale inapotaka. Iliangukia ndani sana, karibu na breki. Ili aishike mipira ya mwishoni ilimlazimu atanue mabega na kulala mbele, uzito wote ukamshukia viganjani. Mikono ya breki nayo ilikuwa imefungwa ikitazama mbele sawasawa, hivyo kila aliponyoosha vidole kuishika, kifundo cha mkono kilipinda kwenda nyuma. Hapo ndipo ganzi ilipokuwa inaanzia. Jambo lilikuwa wazi kiasi cha kuudhi.

Nilitia alama kwenye usukani, pale mikono yake ilipoishia, kwa chaki yake ya kushonea, nikaenda kwa fundi baiskeli pale Katesh.

"Mzee, kukata?" alisema. "Ukikata umeua bei. Nani atanunua usukani uliokatwa?"

"Hauuzwi."

"Leo hauuzwi. Kuna siku utauzwa tu."

Vijana waliokuwa pale walimuunga mkono. Mmoja alisema nimnunulie mama glavu. Mwingine akasema mama azoee, kwani mikono huwa inakomaa.

Niliondoka kwa hasira. Huku kwetu mtu hununua baiskeli akaacha nailoni kwenye fremu mpaka ichanike yenyewe. Hununua kochi akalikalia na nailoni yake, jasho linamtoka, anasema analitunza. Anamtunzia nani? Mnunuzi ambaye hamjui na huenda hayupo. Na mtu aliyepo, anayelala nyumba moja nawe, ambaye vidole vyake vinalisha watoto, huyo ndiye anaambiwa azoee.

Nyumbani nilichukua msumeno wa chuma. Nilivua mipira, nikasogeza breki na gia ndani, nikakata pande zote mbili kwenye chaki, nikalainisha kingo kwa tupa. Shingo ya usukani niliipandisha mpaka kwenye alama ya mwisho iliyochongwa pale, si zaidi, kwa sababu ikizidi hapo inaweza kung'oka. Mikono ya breki niliiinamisha hadi mgongo wa kiganja chake ukawa mstari mmoja na mkono. Kiti kilikuwa kimeinama mbele, kinamsukumia kwenye usukani, nacho nikakisawazisha.

Kaka alifika nikiwa nafagia unga wa chuma. Aliokota kipande kimoja, akakigeuza mkononi.

"Umeharibu mali, mdogo wangu."

"Mali ya nani?"

"Yule mtu nimwambie nini sasa?"

"Mwambie ina mikono ya kike."

Alikitupa kile kipande chini akaondoka bila kuaga. Kwa kaka mkubwa, hilo ni jambo zito. Sikumfuata.

Ganzi haikuondoka siku ile. Mara ya kwanza mke wangu alirudi akasema breki bado ziko juu, nikazishusha kidogo tena. Kidole cha kati kilipona mapema, kikafuata cha shahada. Gumba lilichelewa, na wiki zote hizo alikuwa akishonea cherehani tu, kazi za mkono akizikataa, wateja wakihamia kwa wengine. Wiki hizo nazo nazihesabu kwenye hasira yangu.

Juzi kaka alimtumia suruali, pindo limefumuka. Hakuja mwenyewe. Nilitaka irudi ilivyokuja.

"Lete," mke wangu alisema. "Kwani suruali imenikosea nini?"

Aliishona kwa mkono, amekaa mlangoni. Katikati ya kazi aliguta "aah!" akatoa kidole gumba haraka, akakitazama. Sindano ilikuwa imemgusa tu, naye akaisikia; hapakuwa na damu. Alinionyesha kile kidole akicheka. Mimi nilikuwa bado nimenuna, lakini nilisogea nikakitazama.