Kiti Kitupu katika Safari ya Kaveri

Kwa miaka thelathini na moja kazi ya Ponnambalam ilikuwa kuandika maji. Maji yakifunguliwa kutoka bwawa la juu, yeye pale ofisi ya umwagiliaji Kumbakonam aliandika yamefika wapi, saa ngapi na kwa kimo gani. Kwa hiyo wastaafu wenzake walipokubaliana kwenda kuhiji kwa kuufuata mto Kaveri, kutoka mahekalu ya Kumbakonam hadi Srirangam, hakuna aliyeuliza nani apange safari. Walimgeukia yeye wote kwa pamoja, na yeye alikuwa ameshatoa kalamu.

Alinunua daftari jipya lenye jalada gumu. Miezi miwili mizima hakuwa na habari nyingine. Alipanda basi mara mbili kwenda na kurudi ili kupima muda kwa saa yake ya mkononi. Mahekalu hufungwa adhuhuri mpaka saa kumi, kwa hiyo akaandika: kuondoka alfajiri, hekalu kubwa la Thanjavur kabla jiwe la uani halijapata moto, kisha Thiruvaiyaru saa nne, wanawake washuke ngazi za mto na sadaka zao, maana siku yenyewe ni ya kumi na nane ya mwezi wa Aadi, mto unapojaa na kushukuriwa kama mama mjamzito. Baada ya chakula, ile barabara ya ukingoni, minazi huku na mashamba ya mpunga kule, hadi ule ukuta wa kale wa mawe unaoyagawa maji. Jioni, minara ya Srirangam, kulala huko na kurudi kesho yake. Aliandika hata upande wa kukaa: kutoka Thiruvaiyaru, anayetaka kuona maji akae kushoto.

Gari lilikuwa la viti kumi na viwili. Wasafiri walikuwa kumi na mmoja.

Hapo ndipo Kothai alipoingia, na mkungu wa ndizi kichwani.

Kothai alikuwa mke wa marehemu kaka yake. Kaka alipofariki, Ponnambalam alikuwa na miaka tisa na Kothai ishirini. Wengine wangerudi kwao. Yeye alibaki, akapika idli, vile vikate vya mchele vya mvuke, akaviuza stendi ya mabasi mpaka yule mtoto akamaliza shule na kupata meza yake ofisini. Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, anaishi chumba cha nyuma, anatafuna tambuu kutwa, na sauti yake haikuwahi kutoka stendi.

"Kibonge!" aliita. Ponnambalam alikuwa mwembamba kama ufito, lakini jina la utotoni halikumtoka mwanamke yule. "Nasikia mnakwenda Srirangam kwa gari. Mimi na uzee wote huu sijavuka Thanjavur. Nafasi ipo?"

Ponnambalam alilifunika daftari kwa kiganja. Alikumbuka sherehe yake ya kustaafu, Kothai alivyosimama mbele ya mkurugenzi na kuwasimulia watu, kwa mapenzi yote, kwamba kijana huyu alikojoa mkekani mpaka miaka kumi na moja. Watu walicheka hadi machozi. Mhandisi Sabesan, bosi wake wa zamani, alicheka kuliko wote, na Mhandisi Sabesan na mkewe walikuwa wanakuja kwenye safari hii. Akawaza tambuu ikitemwa dirishani. Akawaza siku mbili za "Kibonge".

"Gari limejaa, Shemeji," akasema.

"Limejaa lote?"

"Lote."

"Basi heri. Ni vizuri limejaa, wenye gari nao wapate." Akachuma ndizi mbili, akamwekea juu ya daftari, akaenda zake.

Mkewe Mangalam, aliyekuwa akipepeta mchele kando, aliyasikia yote. Usiku ule tu, akikunja nguo, aliuliza, "Kile kiti kimoja umempa nani?"

"Mizigo," Ponnambalam alijibu, na alikuwa kweli ameandika hivyo.

Siku ikafika. Gari lilisimama mbele ya nyumba, watu wameshapanda, Mhandisi Sabesan kiti cha mbele na shali yake shingoni. Kothai akatokea uchochoroni amekumbatia sufuria la mfuniko lililomzidi kifua. Alikuwa ameamka saa nane za usiku kuwapikia wali wa ukwaju na wali wa ndimu, chakula cha siku ile.

"Msile vya barabarani mkaharisha ndani ya hekalu!" alisema, na gari zima likacheka. Akapanda ngazi moja kutafuta pa kuliweka. Akakiona kile kiti karibu na mlango, kitupu, na kamfuko kadogo ka nguo juu yake.

Akageuka haraka kwa dereva. "We mwanangu, usiondoe gari! Mtu wa hapa hajafika. Msimwache jamani, huenda ni mzee, anatembea polepole."

Dereva akahesabu vichwa kwa kidole. "Hakuna wa kumngoja, mama. Tuko kamili. Hicho hakina mtu."

Kothai alitazama kiti. Kisha akamtazama Ponnambalam, si kwa hasira, ila kama mtu anayesoma herufi ndogo. Ponnambalam alihisi masikio yanawaka.

"Haya," Kothai akasema taratibu. Akakasukuma kamfuko, akalitua sufuria pale kitini, akalizungushia kitambaa chake cha begani lisiyumbe. "Mwende salama." Ilikuwa mara ya kwanza watu kumsikia akisema kwa sauti ndogo.

Safari ilikwenda kama ilivyoandikwa, na hilo ndilo lililomtesa. Thanjavur walifika kabla ya watu wengi. Mawe ya uani yalikuwa bado baridi chini ya nyayo. "Ponnambalam, wewe ulizaliwa kupanga safari!" wenzake walimpigapiga mgongo, na kila kofi lilimshusha mabega. Kila walipopanda tena gari alikaa jirani na lile sufuria, na harufu ya ukwaju na majani ya bizari ilimjia puani dakika kwa dakika, hana pa kugeukia.

Thiruvaiyaru mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unakwenda kwa kishindo. Wanawake walishuka ngazi, wakafungana mikononi nyuzi za manjano za baraka, wakayapa maji maua na wali. Mangalam alifunga wake, kisha akachukua uzi mwingine akautia kwenye pindo la sari. Hakusema ni wa nani.

Wakakaa kivulini kula kwenye majani ya mgomba. Mhandisi Sabesan alifunga macho baada ya tonge la kwanza.

"Wali gani huu! Nani kapika?"

Mkewe akadakia, "Si yule mpishi aliyeuleta asubuhi? Yule bibi mwenye tambuu. Bwana Ponnambalam, nipatie anakoishi, nina harusi ya mpwa wangu mwezi ujao."

Ponnambalam alimega tonge. Alijua angeweza kusema "nitamuuliza" na mambo yakapita. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akainua macho, akakuta Mangalam ameacha kula, anamngoja.

"Si mpishi," akasema. "Ni shemeji yangu. Ndiye aliyenilea na kunisomesha."

"Alaa! Mbona hukuja naye? Na kiti kilikuwepo!" mke wa mhandisi akashangaa.

"Nilimwambia gari limejaa." Akalirudisha tonge kwenye jani. "Nilimwonea haya. Mbele yenu."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mke wa mhandisi alijishughulisha na kufunga mabaki ya wali wa ndimu. Mhandisi mwenyewe alisema polepole, "Kumbe ndiye? Asubuhi sikugeuka kumtazama. Mimi huwa namsimulia mke wangu sifa za yule bibi. Tangu ile sherehe yako." Maneno hayo yalimchoma Ponnambalam kuliko kama angetukanwa.

Alimkabidhi dereva daftari, akamwonyesha ukurasa wa safari iliyobaki. Mangalam alimtolea ule uzi. "Nenda nao," akasema. "Mimi naendelea. Mimi sikumdanganya mtu."

Alirudi kwa basi, amesimama njia nzima. Nyumbani chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa. Alimkuta Kothai kwenye ngazi za mto za mjini, pamoja na Sellammal muuza maua, miguu yao majini.

"Umesahau nini?" Kothai aliuliza.

Ponnambalam alikaa ngazi ya chini yake na kueleza yote, la kiti, la haya, hata la mizigo. Sellammal alijifanya anasuka maua. Kothai alimsikiliza hadi mwisho, akatema tambuu kando.

"Nilijua tangu asubuhi, mwanangu. Mimi si mjinga." Akajipangusa mdomo. "Siku nyingine usiniambie limejaa. Niambie hunitaki. Hilo nitajua nilifanyeje. Lile la gari kujaa nililifurahia, nikaamka kukupikia."

Akampa mkono amfunge uzi. Ponnambalam akafunga, fundo likafunguka mara mbili. Hakumwambia amesamehe, na Ponnambalam hakuthubutu kuuliza.

Baada ya mavuno Kothai na Sellammal waliamua kwenda Srirangam kwa mabasi ya kawaida, kidogo kidogo, siku tatu. Ponnambalam aliwaandikia saa za mahekalu kwa herufi kubwa ambazo Kothai angeweza kuzisoma. Akamaliza, akabaki ameshika karatasi.

"Shemeji, na mimi nije?"

"Barabara si yangu," Kothai alisema. "Ukitaka, njoo."

Alikwenda. Alibeba vikapu na kutafuta maji ya kunywa. Kothai alizungumza na kila abiria isipokuwa yeye, mpaka siku ya tatu, chini ya mnara mkubwa wa Srirangam, mwanamke asiyemjua alipomuuliza yule mzee mwembamba nyuma yake ni nani.

"Huyu?" Kothai akapaza sauti, watu wa foleni nzima wakageuka. "Huyu nimemlea mimi. Ni ofisa mkubwa wa maji, msimwone hivihivi!"

Ponnambalam akainamisha kichwa, machozi yakimtoka, na foleni ikasogea.