Gari la Kumbebea Mama Mkwe

Beda hakuwa na shida ya gari. Tuseme ukweli mapema, maana yeye pale dukani kwake Lizaboni, mjini Songea, anakouza mbegu na mbolea, alikuwa akimwambia kila mtu kwamba anataka gari la kuwafuata wakulima vijijini. Uongo mtupu! Wakulima walikuwa wanakuja wenyewe na bodaboda, wananunua, wanaondoka. Beda alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba chenyewe kilikuwa na jina. Kiliitwa Valence.

Beda na Valence wameoa mtu na dada yake. Valence alimwoa mkubwa, Hilda, na Beda akamwoa anayemfuata, Odilia. Kwa hiyo ni wanyumba hao, na Krismasi wanakula sinia moja wakitaniana. Lakini Valence alikuwa na Prado kuukuu, rangi imepauka, na kwa Prado hiyo alikuwa amemteka mama mkwe wao. Mama Kunegunda akiumwa jino, Prado. Akienda kuhani msiba, Prado. Na akirudi kijijini kwake anasimulia njia nzima: mkwe wangu Valence kanipeleka, mkwe wangu Valence kanirudisha. Beda je? Beda aliitwa "yule wa Odilia." Mahari kamaliza, bati la nyumba ya mama kanunua yeye, na bado ni yule wa Odilia. Ikimjia usiku anageuka upande wa pili wa kitanda, anasonya, na Odilia anajua kasonya nini.

Basi ikaja habari kwamba Aurelia, kitinda mimba wa Mama Kunegunda, ataweka nadhiri zake za daima mwezi Desemba. Mtoto anakuwa sista moja kwa moja! Ndugu wakakutana kwa Valence kupanga. Hilda akauliza mama ataletwa na nani, akimtazama mumewe, maana jibu lilijulikana. Beda akadakia.

"Mama nitamleta mimi."

"Kwa bodaboda, mwanyumba?" Valence akauliza, na watu wakacheka hadi chai ikamwagika.

"Kwa gari langu."

Odilia alimgeukia mumewe taratibu. Gari lipi tena? Hata yeye alikuwa analisikia hapo hapo.

Tangu siku ile Beda hakutulia. Akauza ng'ombe, akauza na mahindi aliyokuwa anasubiri bei ipande, akapanda basi kwenda Nakapanya, kwa mnunuzi mmoja wa mawe ya vito aitwaye Abdulhamid. Huyo alikuwa anauza Land Cruiser yake ya zamani, pikapu, iliyokuwa ikimpeleka machimboni. Ilikuwa na mkonga wa kuvutia hewa umepanda ubavuni hadi juu ya paa, kwa ajili ya kuvuka maji. Beda alipouona mkonga ule moyo ukamdunda. Prado ya Valence haikuwa na mkonga.

"Hili gari, wallahi, halijawahi kunilaza porini," Abdulhamid akasema.

"Umeliwasha leo?"

"Bado."

"Usiliwashe. Nataka nilikute baridi."

Hapo Beda hakuwa mjinga, tumpe haki yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alilala chali kabisa kwenye vumbi, akaingia chini na tochi. Akagonga chesisi kwa bisibisi akisikiliza kutu. Akakuna rangi mpya mahali palipomtia shaka, akakuta pameungwa, lakini pameungwa na fundi anayejua kazi. Akaliwasha likiwa baridi, akatazama moshi. Akaliingiza mtoni, kwenye mchanga laini, akavuta ile gia ndogo inayoita magurudumu yote manne, na gari likapanda ukingo wa pili likinguruma, halina wasiwasi. Safari nzima kichwani mwake alikuwa anaona uso wa Valence.

Odilia akapiga simu. "Umelionaje?"

"Chuma! Lina mkonga."

"Lina nafasi?"

"Nafasi tele, hata tani moja linabeba."

Akalipa, wakaandikishiana, akarudi Songea kwa lami yote ya Tunduru akipiga honi kwa watu asiowajua. Siku ya pili alipita mbele ya nyumba ya Valence, Bombambili, mara tatu, na ile ya tatu Valence mwenyewe akatoka getini, akalizunguka gari, akasema, "Hongera, mwanyumba, hili ni gari." Beda akasubiri aone japo kichembe cha wivu kwenye jicho la mwenzake. Hakukiona. Hilo nalo likamuudhi.

Siku ya nadhiri ikaamka na mvua. Beda alifurahi, sikufichi. Alivaa suti na tai, Odilia akavaa kitenge cha sare, wakaacha lami na kuingia njia ya kijijini kwa mama mkwe. Njia ilikuwa tope tupu. Lori moja lilikuwa limelala pembeni limechoka, na Beda akalipita huku anapiga mluzi. Leo, alisema moyoni, leo ataniita mkwe wangu.

Mama Kunegunda alikuwa tayari barazani, kitenge kipya, mkoba mkononi, na jogoo wa zawadi kafungwa miguu. Beda akashuka, akachuchumaa mbali, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje?" Bibi akalitazama gari mbele, akalitazama nyuma. "Sasa mimi nakaa wapi?"

Mungu wangu.

Huku kwetu mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Mkono humpi, kiti kimoja hamkai, mkikutana njiani mmoja anapisha. Kwenye Prado hapakuwa na neno: mama anakaa nyuma na binti yake, Valence yuko mbele na usukani wake, heshima imetimia. Lakini pikapu ya Abdulhamid ilikuwa na viti viwili tu, cha dereva na cha mwenzake, na katikati yake zile gia. Nyuma ni bodi tupu, wazi, mvua inaingia. Mtu huyu alikagua kutu, akakagua moshi, akalala chini ya gari kama nguruwe, na viti hakuvihesabu! Wivu ulikuwa umekaa kwenye kiti cha tatu, ndiyo maana hakuona kwamba hakipo.

"Labda mama akae mbele," akajaribu, "Odilia akae nyuma, mimi nitatazama barabara tu."

"Nibanane na mkwe, goti kwa goti? Nipite hivyo mbele ya kanisa?" Bibi alikasirika kweli. "Siendi."

"Basi tuweke kiti huku nyuma, na turubai..."

"Mimi ni mbuzi wa mnada?"

Muda ulikuwa unakwenda. Misa ilikuwa saa nne, na mtoto anaweka nadhiri mara moja tu maishani. Odilia akanyoosha mkono.

"Nipe funguo."

Sasa, Odilia alikuwa anajua kuendesha. Kabla ya ndoa alikuwa dereva wa gari la zahanati, akibeba wajawazito kwenye njia hizo hizo. Alipoolewa, Beda alisema mke wa mtu haendeshi, na yakaishia hapo. Leo Beda alimtazama mkewe, akamtazama mama mkwe, akatazama mawingu, akatoa funguo.

Akapanda nyuma na suti yake. Wakampa na jogoo amshike.

Jamani, barabara ile! Mvua ilimpiga usoni, tai ikamgandia kifuani, jogoo akamnyea mkononi. Walipofika kwenye bonde lenye tope baya akagonga kioo kwa nguvu. "Weka gia ndogo! Weka gia ndogo, Odilia!" Gia ndogo ilikuwa imeshawekwa zamani. Gari lilipita polepole, halikuserereka hata kidogo, tena afadhali kuliko alivyolipitisha yeye wakati wa kuja. Kupitia kioo cha nyuma aliwaona mama na binti vichwa vimeinamiana, wanacheka. Ule wivu uliozoea kwenda Bombambili kwa Valence ukageuza njia, ukaingia mle mle ndani ya gari lake, ukamkamata mke wake mwenyewe. Kakaa kwenye kiti changu, Beda aliwaza. Kashika usukani wangu. Na anacheka!

Kanisani Valence alikuwa anasubiri mlangoni. Alipoona mama mkwe anashuka akachuchumaa mbali, kisha akampa Hilda mwavuli mkubwa ampelekee mama. Beda akaruka chini na jogoo wake, maji yanachuruzika.

"Pole, mwanyumba, umelowa," Valence akasema. Alisema kwa huruma, na Beda angependelea tusi.

Nadhiri ziliwekwa, Aurelia akavishwa pete, watu wakalia kwa furaha. Baadaye, ukumbini kwa masista, chakula kikiwa mezani, Mama Kunegunda akaombwa aseme neno. Akasimama. Akamshukuru Mungu, akawashukuru masista. Kisha akasema, "Na namshukuru aliyenifikisha hapa na mvua hii."

Beda akakaa wima. Akaiweka sawa tai yake iliyolowa. Roho yote ilikuwa masikioni.

"Mwanangu Odilia, simama watu wakuone! Huyu ndiye dereva."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Masista wakapiga makofi, padri akapiga makofi, Valence akapiga hadi akasimama.

"Na mkwe wangu Valence," bibi akaendelea, "Mungu akubariki kwa ule mwavuli." Akataka kukaa, akakumbuka. "Na yule wa Odilia naye alikuwepo. Alinishikia jogoo."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Beda naye akacheka, maana angefanyaje? Alicheka huku mkono umekaza uma.

Jioni, wakati wa kuondoka, mvua ilikuwa haijakatika. Odilia akawasha gari bila kuuliza mtu, mama akakaa pembeni yake. Valence akafungua mlango wa Prado.

"Mwanyumba, njoo ukae kwetu huku, pakavu. Nafasi ipo. Tutawafuata nyuma, twende wote mpaka kwa mama."

Beda aliangalia kile kiti cha Prado, kipana, kimewekewa na kitambaa. Meno yalikuwa yanamgongana kwa baridi.

"Asante," akasema, "mimi nina gari langu."

Akapanda nyuma, akashika bomba la bodi, wakaondoka.